Anwani za IP zikiisha mchana: kupanga DHCP kwa laptopu za watu wanaokuja na kuondoka

Ofisi ya pamoja kando ya Barabara ya Ngong hujaa saa tatu asubuhi. Ikifika saa nane mchana, nusu ya watu wameshaondoka na wengine wamekalia viti vyao. Hapo ndipo utasikia: waifai imeshika, intaneti hakuna. Angalia anwani ya IP ya laptopu, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, basi laptopu iliomba anwani kwa seva ya DHCP, yaani kompyuta inayogawa anwani hizo, haikujibiwa, ikajipa yenyewe.

1. Piga hesabu ya muda wa kukodisha kwanza, yaani muda ambao kifaa hupewa anwani. Wateja 90, kila mmoja na laptopu na simu, ni anwani 180. Wakija wapya 40 wanahitaji 80 zaidi. Ukiwa na anwani 200 za kukodisha kwa saa 24, hazitatosha, maana seva bado inawashikia waliokwenda zao. Wengi hukimbilia kuongeza anwani. Anza na kupunguza muda. Saa 2 zinafaa: kifaa kilichopo huomba kuongezewa nusu ya muda ikifika, na mtumiaji hahisi kitu. Anwani ya aliyeondoka hurudi kwa seva ndani ya saa 2. Usishuke hadi dakika 5, kwa sababu stima ikipotea kwenye seva tu, ofisi nzima itapoteza anwani upesi.

2. Kama seva yako ni Linux yenye dnsmasq, programu inayogawa anwani, andika kwenye /etc/dnsmasq.conf:

```
interface=eth1
dhcp-authoritative
dhcp-range=192.168.10.50,192.168.10.249,255.255.255.0,2h
dhcp-option=option:router,192.168.10.1
dhcp-host=AA:BB:CC:11:22:33,192.168.10.20
```

Mstari wa pili ni muhimu sana kwa laptopu zinazotembea. Iliyotoka nyumbani huja ikidai anwani ya huko; bila mstari huo seva hunyamaza, na laptopu husubiri bure. Uweke tu kama hakuna seva nyingine ya DHCP hapo. Mstari wa mwisho ni wa printa. Usiwafanyie wateja hivyo, kwani simu nyingi siku hizi huficha MAC yake halisi, yaani namba ya kudumu ya kifaa.

3. Kagua, kisha washa upya:

```
dnsmasq --test
systemctl restart dnsmasq
wc -l /var/lib/misc/dnsmasq.leases
```

Amri ya tatu, kwenye Debian au Ubuntu, huhesabu anwani zilizokodishwa. Ikikaribia 200 saa nane mchana, sasa ongeza.

4. Anwani ikianza na 192.168.0 au 192.168.1, mtu amechomeka ruta yake ukutani, nayo inagawa anwani. Kwenye Windows, `ipconfig /all` huonyesha IP ya seva iliyojibu. `Arp -a` hukupa MAC yake. Itafute MAC hiyo kwenye jedwali la swichi, uchomoe waya wa tundu hilo, kisha uwashe DHCP snooping (kinga ya swichi inayozuia seva ngeni za DHCP) ukiruhusu tundu la seva yako peke yake.