SOMO: Pikipiki ya kabureta inazima, inamisi au inakunywa mafuta. Soma kabla hujanunua kabureta mpya

Wakuu, kila anayeniuliza huanza na lilelile: "Ninunue kabureta gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa. Nyingi zinazoitwa kabureta mbovu ni nzima. Zimeziba, au hazifikiwi na mafuta.

Mfano wangu ni Honda CG125 ya zamani na zile za Kichina zilizoigwa kwake, zenye kabureta ya PZ26 au PZ27.

1. Fanyia kazi nje, injini ikiwa ya baridi, mbali na sigara na jiko.

2. Fungua plagi. Masizi makavu meusi: mafuta ni mengi. Nyeupe: mafuta hayatoshi, au kuna hewa inaingia isipotakiwa. Kahawia: iko sawa.

3. Chujio la hewa liwe safi.

4. Chomoa mpira wa mafuta pale kwenye kabureta, fungua koki, kinga kwa chupa angavu. Yakitoka vizuri kisha yakafifia, fungua kifuniko cha tangi. Yakirudi kwa nguvu, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Hiyo ndiyo pikipiki inayokwenda mwendo kidogo inazima, ikipumzika inawaka. Acha chupa itulie uitazame chini: maji hukaa chini ya petroli. Ukiyaona, mwaga tangi lote usafishe na chujio la koki.

5. Legeza skrubu ya kumwagia chini ya bakuli la kabureta, uchafu utoke.

6. Washa, vuta choki nusu. Ikitulia, mafuta yalikuwa hayatoshi: slow jeti (kijitundu cha mafuta ya sailensi, yaani injini ikinguruma bila kuvuta eksileta) imeziba, au manifodi (shingo inayounganisha kabureta na injini) inavuta hewa. Puliza maji kuzunguka manifodi ikiwa sailensi. Mlio ukibadilika, badilisha oringi au gasketi kabla hujagusa kabureta.

7. Sasa ndiyo ufungue kabureta. Tulieni hapa. Floti (boya la ndani ya bakuli) inashikwa na pini inayopita kwenye miguu miwili ya aluminiamu, na miguu hiyo haipindi, inavunjika. Mimi nililipa kabureta nzima kwa mguu mmoja. Usigonge kwa nyundo. Angalia pini ina kichwa upande gani, isukume kutokea upande wa pili kwa msumari butu, huku umeegemeza mguu kwa kidole. Ikigoma, loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta urudi baadaye. Sindano ya floti, ile inayofunga mafuta bakuli likijaa, ikiwa na alama ya mviringo kwenye ncha, badilisha.

Halafu jeti, vile vijitundu vya kupitishia mafuta. Jeti ya Keihin yenye namba 38 ina tundu la takriban milimita 0.38, na shaba yake ni laini. USITUMIE waya wa breki, sindano ya kushonea wala biti ya drili. Loweka, puliza kwa upepo, inua utazame jua: uone duara safi. Ikishindikana kabisa, chukua uzi mmoja wa waya laini wa umeme. Kwenye baadhi ya kabureta za bei rahisi slow jeti haifunguki; usiilazimishe, puliza tu.

8. Rudisha. Skrubu ya hewa ifunge taratibu mpaka iguse, USIIKAZE, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Seti injini ikiwa imepata moto.

MASWALI

— Mkuu, yangu inasumbua sana, msaada tafadhali.

Inasumbua vipi? Aina gani? Ya moto au ya baridi? Plagi ina rangi gani? Anza hatua ya 2, urudi na majibu.

— Fundi alizibua jeti kwa waya wa breki, sasa inakunywa mafuta. Ungetuonya mapema.

Nimeonya hatua ya 7, kwa herufi kubwa. Tundu likishapanuka halirudi. Nunua jeti mpya ya namba ileile, kabureta iache.

— Shikamoo fundi. Nimehamia Mbeya kutoka Dar, plagi imeanza kuwa nyeusi na nguvu imepungua. Ni kabureta?

Marahaba ndugu, umeuliza vizuri. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, jeti zinatoa mafuta yaleyale ya Dar, kwa hiyo yanazidi. Fungua pistoni ya kabureta: sindano ndefu ina mikato na kibanio. Pandisha kibanio mkato mmoja, sindano itashuka na mafuta yatapungua mwendo wa kati. Ukifungua eksileta yote bado nzito, weka main jeti (ile kubwa, ya mwendo wa kasi) ndogo zaidi. Ukirudi Dar rudisha vyote, la sivyo injini itachemka.

— Oili yangu inanuka petroli na imezidi kipimo.

Usiiwashe! Sindano ya floti haifungi, petroli imeshuka kwenye injini. Badilisha sindano, mwaga oili yote, weka mpya. Na ukiegesha pikipiki usiku, funga koki.

— Na sisi wa Boxer?

Ukikuta pistoni imeshikwa na utando wa raba, usiuloweke kwenye petroli wala dawa ya kabureta, unavimba. Mengine yote fuata somo.

— Nyongeza: mimi huchomeka mpira angavu kwenye mdomo wa kumwagia, naulaza ubavuni mwa bakuli, nalegeza skrubu. Usawa wa mafuta unaonekana bila kufungua kitu.

Safi sana mkuu, hata mimi hutumia. Kwa kabureta hizi yakae chini kidogo ya ungio la bakuli. Yakipita juu, rudi kwenye floti.

— Yangu inazima ikipata moto tu. Nimefuata yote, plagi ni kahawia.

Basi acha kabureta. Pima nafasi ya valvu injini ikiwa ya baridi kabisa: CG125 ni milimita 0.08 zote mbili. Zikibana, sailensi hufa joto likipanda. Zikiwa sawa, angalia koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ikiwa bado ya moto, palepale inapozima.