Kebo au DSL? Pima laini yako mwenyewe kabla ya kusaini mkataba

Somo hili ni la mlioko Marekani, mnaoletewa vipeperushi vya kampuni mbili: moja inapitisha intaneti kwenye waya wa simu (DSL), nyingine kwenye kebo ya televisheni. Kama jirani anayo mojawapo, mwombe mpime kwake.

1. Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye modemu (kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwenye laini) kwa waya wa LAN. Ukipima kwa simu ukiwa chumbani, umepima Wi-Fi tu.

2. Fungua speedtest.net, upime asubuhi na tena saa mbili usiku. Andika kasi ya kupakua (data inayokuja kwako), ya kupakia (data unayotuma), na ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi).

Kipimo cha usiku ndicho chenye habari. Kebo inagawanwa na nyumba nyingi za mtaa. Watu wakirudi kazini na kuwasha filamu, kasi inaweza kushuka sana. Waya wa DSL ni wako peke yako hadi kwenye mtambo wa kampuni ya simu, hivyo usiku haubadiliki sana. Kinachoiumiza DSL ni umbali. ADSL2+, aina mojawapo ya DSL, ina kikomo cha 24 Mbps (megabiti kwa sekunde), na hiyo ni kwa aliye jirani na mtambo. Ukiwa kilomita tano, utapata chache mno.

3. Gawanya Mbps kwa 8 upate megabaiti, maana baiti moja ni biti 8. 40 Mbps ni megabaiti 5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la GB 1 litachukua dakika tatu na ushee.

4. Soma lebo ya huduma. Tangu 2024 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inazilazimisha kampuni kuonyesha bei na kasi ya kawaida. Mwaka huohuo ilipandisha kiwango cha brodibandi (intaneti ya kasi) hadi 100 Mbps kupakua na 20 kupakia, na DSL nyingi hazikifikii. Mimi ningechukua kebo, labda usiku iwe inakufa kabisa.

MASWALI

Swali: Nina kebo ya 200 Mbps, mbona nikimpigia mama video Bukavu picha inaganda?
Jibu: Angalia kupakia. Kebo nyingi hutoa kidogo sana upande huo. Kasi ya kupakia ikiwa sawa, tatizo huenda liko kwenye mtandao wa mama.

Swali: Nikihama DSL, modemu yangu itafaa kwenye kebo?
Jibu: Hapana, ndugu. Ya DSL ina tundu la waya wa simu. Ya kebo ina kichwa cha kufunga kwa kuzungusha. Raouta (kifaa cha kusambaza Wi-Fi) pekee, kama ni kifaa tofauti, unaweza kubaki nayo.

Swali: DSL yangu hukatika kila simu ya mezani ikilia.
Jibu: Weka kichujio cha DSL (kifaa kidogo cha kutenganisha simu na intaneti) kwenye tundu la kila simu, si la modemu.