Windimili: shuka kwa bega, si kwa kichwa

Wadogo zangu wa Goma mnaohangaika na windimili, ile staili ya breki-dansi ya kuzunguka mgongoni miguu ikipepea kama feni: shingo haina spea. Kabla ya kuzunguka, jifunzeni kushuka tu. Bana kiwiko tumboni karibu na nyonga, kiganja chini, uzito ukae hapo. Kisha jilaze polepole: mkono wa juu, bega, halafu mgongo wa juu. Rudia hivyo hata wiki nzima, bila mzunguko wowote. Ukisikia "pu!" umejidondosha, ukishuka vizuri huwa kimya.

Miguu ifungue wazi kama V na nyonga zibaki juu, maana nguvu ya kuzunguka inatoka kwenye miguu. Wengi wanakunja magoti kwa woga, mzunguko unakufa katikati, na hapo ndipo wanasukuma kwa kichwa. Unaporudi kifudifudi, mikono ndiyo ibebe uzito; kichwa kiguse chini kidogo tu.

Mahali pa mazoezi: mawe yetu ya volkano yanachuna ngozi, hata yakiwa na vumbi juu. Tafuteni sementi laini, tandazeni kartoni kubwa na kubandika pembe zake kwa utepe wa skochi, la sivyo itakimbia nanyi. Godoro laini ni la kujaribia kushuka tu, kwani linazama na bega linakwama.

Toeni simu na funguo mfukoni (mimi nimewahi kuvunja kioo cha simu). Shingo ikiuma au mkono ukifa ganzi, siku hiyo imeisha.