Somo: Kupandisha waya wa chini kwenye uzio wa ranchi

Ukimuuliza mtu wanyama hupitaje kwenye uzio, atakwambia wanaruka. Kulungu huruka, ni kweli. Lakini pronghorn, yule mnyama wa magharibi mwa Marekani anayefanana na swala na anayekimbia karibu kilomita 90 kwa saa, kuruka si desturi yake. Akifika kwenye seng'enge huinama akapenya chini. Waya wa chini ukikaribia ardhi, miiba humchuna mgongo, au anakwama upande huu huku theluji ikimfukuza kwenye malisho. Ndiyo maana kazi yetu kubwa iko chini.

1. Anzeni na mwenye ranchi. Uzio ni wake na ng'ombe ni wake. Kubalianeni ni sehemu ipi iguswe, na siku ambayo mifugo haitakuwapo.

2. Tembeeni kando ya uzio kabla ya kubeba koleo. Tafuteni vijia vilivyochimbwa na kwato, na manyoya yaliyonasa kwenye miiba. Ya pronghorn ni magumu, yana uwazi ndani, ukiyakunja yanakatika. Mkiyaona mengi mahali pamoja, hapo ndipo pa kuanzia.

3. Vaeni glovu nene za ngozi na miwani. Msikate waya uliokazwa! Huchapa kama mjeledi, na una miiba. Legezeni kwanza waya wa chini kwenye nguzo ya kona, ndipo mng'oe vibanio na kuukunja waya uwe duara.

4. Mahali pake fungeni waya laini, usio na miiba, sentimita 45 kutoka ardhini. Macho yanadanganya, kwa hiyo kateni fimbo ya urefu huo: mmoja anaisimamisha chini ya waya, mwenzake anafunga kibanio. Pimeni na katikati ya nguzo, kwa sababu ardhi haiko sawa. Kikundi changu kilipima kwenye nguzo tu, tukarudia kazi ya siku nzima.

5. Waya wa juu usizidi kama sentimita 105, na kati yake na wa pili ziachwe 30 au zaidi. Kulungu akiruka na miguu ya nyuma ikachelewa, nyaya zilizokaribiana humsokota mguu, akafa akining'inia.

6. Penye ndege waitwao sage-grouse, bandikeni vipande vyeupe vya plastiki kwenye waya wa juu. Alfajiri huruka chinichini na seng'enge hawaioni.

7. Okoteni kila kipande cha waya. Ng'ombe akikimeza pamoja na nyasi, kinaweza kumtoboa tumbo mpaka kwenye moyo.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu, ndama hawatatoka kwa chini?
Mdogo sana anaweza, ila mama yake yuko ndani, kwa hiyo hurudi. Kondoo ni habari nyingine. Mwenye kondoo atakataa sentimita 45, na ana haki. Mwombe aache mageti wazi kipindi ambacho kondoo hawapo.

Samahani, mbona tusiung'oe uzio wote?
Kama hautumiki na mwenyewe ameridhia, ng'oeni. Waya uliolala kwenye majani ni mbaya kuliko uliosimama, maana mnyama hauoni mpaka umemfunga.

Tukimkuta kulungu amenasa, bado mzima?
Msimkimbilie. Teke lake linavunja mfupa, na kelele zenu zinamzidishia hofu. Rudini nyuma, nyamazeni, mmoja wenu awapigie maafisa wa wanyamapori na kuwaeleza mahali penyewe.

Sisi tuko watatu tu, tutamaliza lini?
Hamtamaliza uzio wote, wala haihitajiki. Rudini kwenye hatua ya 2, chagueni pale penye manyoya mengi, mpandishe waya wa nguzo kumi.