Kigogo akigoma kutoa ushahidi: namna ya kufuatilia sakata bila kupigwa danadana

Kila kashfa kubwa ya serikali ina hii hatua, kigogo anaitwa na tume au kamati ya bunge, siku inafika kiti chake kitupu, mawakili wanaleta barua. Watu wanakasirika siku mbili tatu halafu wanahamia habari nyingine, na hapo ndo kigogo anaposhinda. Kwa hiyo naandika hii ili safari ijayo ujue cha kuangalia. Mfano mkuu nautoa Afrika Kusini, rais wa zamani Jacob Zuma na Tume ya Zondo (jaji Zondo ndo alikuwa mwenyekiti wake) iliyokuwa inachunguza jinsi dola ilivyotekwa na wafanyabiashara, maana pale danadana zote zilipigwa hadharani na rekodi zipo.

Kabla ya yote hakikisha kweli kaitwa, na kaitwa kwa nguvu gani. Mwaliko ni kitu kimoja, samansi (amri ya kisheria ya kufika) ni kitu kingine kabisa, mwaliko ukiukataa hakuna kosa ila samansi ukiipuuza unaweza kushtakiwa. Kumbuka Richmond 2008 hapa Tanzania, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, Edward Lowassa alisimama bungeni kutangaza kwamba anajiuzulu uwaziri mkuu huku akilalamika kuwa kamati teule ya bunge iliyoongozwa na Mwakyembe haikumhoji. Uwe unamkubali au humkubali, hilo siyo suala la kugoma. Ukiona mtu kapost "fulani kakataa kuhojiwa" uliza samansi imetoka lini, imetolewa na nani, inamtaka afike siku gani. Bila hayo unabishana hewani.

Kisha sikiliza sababu aliyotoa, na hapa tuwe waangalifu maana sababu zote hazilingani. Akisema jibu litamtia hatiani, hiyo ni haki yake kama ilivyo haki yako na yangu, usikimbilie kusema kimya ni kukiri. Lakini haki hiyo inadaiwa swali kwa swali, yaani unakuja, unaapa, unaulizwa, unasema hili silijibu kwa sababu hii. Siyo ruhusa ya kubaki nyumbani. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimwambia Zuma hivyo hivyo tarehe 28 Januari 2021: nenda kwenye tume, huna haki ya kukaa kimya tu, ila kinga ya kutojitia hatiani unayo.

Sababu ya pili ni siri za ikulu. Hii aliitumia rais Richard Nixon kule Marekani kwenye Watergate, kashfa ya kuvunja ofisi za chama pinzani na kuficha ukweli, mwanzoni mwa 1973 alitaka wasaidizi wake wasiende kuhojiwa na Seneti, seneta Sam Ervin akatishia kuwakamatisha, Nixon akalegea. Baadaye akadai hivyo hivyo kuhusu kanda za sauti za maongezi yake ya ikulu na Mahakama ya Juu ikamkatalia 8 kwa 0 tarehe 24 Julai 1974, ikisema siri za rais zipo lakini haziwezi kuzuia ushahidi unaohitajika kwenye kesi ya jinai. Agosti 9 akawa ameondoka madarakani. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni siri ya serikali" usiishie hapo, uliza ni siri gani, nani kapima, na kwa nini isisikilizwe faragha.

Sababu ya tatu ndo ya Zuma, kwamba mwenyekiti wa tume ana chuki naye. Hiyo nayo ina njia yake, unaomba ajitoe, akikataa unaenda mahakamani. Unachokosa ruhusa kufanya ni kujiamulia mwenyewe.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: weka kalenda. Chukua daftari au fungua noti kwenye simu, andika tarehe na tukio, basi. Maana silaha ya mgomaji ni muda, anajua utasahau. Ya Zuma ukiipanga inasomeka hivi: Julai 2019 alifika akatoa ushahidi siku chache akajitoa, Novemba 2020 aliomba Zondo ajiondoe, akakataliwa, akatoka kikaoni bila ruhusa, Januari 2021 amri ya mahakama, Februari hakutokea, Juni 29 akahukumiwa miezi 15 kwa kudharau mahakama, usiku wa Julai 7 akajisalimisha gereza la Estcourt. Miaka miwili. Ukisoma habari moja moja kila siku huoni kitu, ukizipanga unaona mtu anasogeza goli. Na zikafuata vurugu zilizoua watu zaidi ya 300, ndo maana nasema haya mambo siyo mchezo wa mawakili.

Halafu usimkodolee macho kigogo peke yake, tazama waliokaa karibu naye. Mcebisi Jonas, aliyekuwa naibu waziri wa fedha, aliiambia tume kwamba aliahidiwa randi milioni 600 nyumbani kwa akina Gupta, familia ya wafanyabiashara waliokuwa karibu na Zuma, ili akubali uwaziri wa fedha (wao walikanusha). Kwenye Watergate aliyetaja kwamba ikulu inarekodi maongezi ni Alexander Butterfield, msaidizi ambaye wengi hata jina hawakulijua. Katibu muhtasi, dereva, mhasibu, aliyesaini vocha, hao ndo wa kuulizia. Na makaratasi hayawezi kugoma, kwa hiyo angalia kama kamati imeagiza nyaraka pia au imeng'ang'ana na mtu tu. Tume ya Zondo ilimaliza ripoti yake 2022, na Zuma hakuwa amerudi kumalizia kuhojiwa.

Na wewe ufanye nini? Kama uko Kenya, kifungu cha 125 cha katiba kinaipa kila kamati ya bunge nguvu za Mahakama Kuu za kuita mashahidi na kudai nyaraka, kwa hiyo kamati ikisema "tumemwita hakuja" swali ni kwa nini haijatumia nguvu hizo. Kifungu cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi bungeni, cha 35 kinakupa haki ya kupata taarifa za serikali na sheria ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu, wasipojibu unaenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya serikali. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2016, siku 30. Barua yako iwe fupi, taja nyaraka unayotaka kwa jina na tarehe kama unavijua, usiombe "taarifa zote kuhusu ufisadi" maana hiyo wataikataa kirahisi, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.