Kabla hujafupisha linki ya tovuti yako

Kufupisha linki ni kutumia huduma inayokupa anwani fupi, ambayo mtu akiibonyeza anarushwa hadi kwenye ile ndefu. Kwanza jiulize kama kuna haja. Ndani ya tovuti yako mwenyewe, kutoka ukurasa wa mwanzo kwenda ukurasa wa bei, haja haipo kabisa. Google hupita kwenye linki hizo za ndani ili ijue una kurasa zipi na zipi zina uzito. Kuitoa nje kwa kampuni ya watu kisha kuirudisha nyumbani ni kuizungusha bure. Gazeti au chuo kikitaka kukutaja, kipe anwani kamili. Kwenye Facebook na X, ambako linki huwekewa alama ya nofollow, inayoiambia Google isiihesabu kama kura kwa tovuti yako, kufupisha hakukupandishi wala hakukushushi.

Ukiamua kufupisha, chunguza huduma hiyo inampelekaje mtu. Hapa usiwe na haraka. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika curl -I, acha nafasi, bandika linki fupi, bonyeza Enter. Mstari wa kwanza una namba. Ukiona 301, seva inasema ukurasa umehamia huko kwa kudumu, na Google huchukua hiyo kama ishara nzito kwamba anwani ya mwisho ndiyo ya kuorodheshwa. 302 maana yake umehama kwa muda, na ishara yake ni dhaifu. Hofu kwamba linki fupi "inakula" thamani imepitwa na wakati: mwaka 2016 Gary Illyes wa Google alisema uelekezaji wa namba hizi zinazoanza na 30 haupotezi PageRank, yaani uzito ambao ukurasa hupata kutokana na linki zinazouelekea. Lakini ukiona 200, yaani umeletewa ukurasa wa katikati, mara nyingi wenye tangazo, achana na huduma hiyo.

Shuka mistari michache hadi neno location. Anwani iliyo mbele yake iwe ile ile inayotumiwa na tovuti yako, yenye https, na www ikiwa unaitumia. Linki inayoingia http, ikarushwa https, ikarushwa tena www, imepiga vituo vitatu. Googlebot, roboti ya Google inayopitia kurasa, huvumilia hadi 10. Mteja mwenye mtandao wa kusuasua havumilii.

Kisha umiliki, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Niliwahi kumsaidia mama mwenye nyumba ya wageni kuchapisha vipeperushi vyenye linki fupi ya bure. Baada ya muda huduma ile ikafungwa, na boksi zima la vipeperushi likabaki stoo likielekeza watu pasipo na kitu. Usidhani ukubwa wa kampuni ni kinga. Google ilitangaza mwaka 2018 kuifunga goo.gl, huduma yake ya kufupisha linki, na mwaka 2024 ikasema linki zake zitakufa tarehe 25 Agosti 2025. Wiki chache kabla ya siku hiyo ikalegeza kwa zile zilizokuwa bado zinatumika. Hata herufi za mwisho za domeini zina mwenyewe: .ly ni ya Libya, na mwaka 2010 wasimamizi wake waliichukua vb.ly, huduma ya kufupisha linki, kutoka kwa wamiliki wake.

Kwa hiyo fupisha kwa jina lako. Njia kama /bei au /vyumba ndani ya domeini yako ya co.tz, iliyowekewa 301, inatosha biashara nyingi, na mtu akiisoma anajua anapelekwa wapi. Tena faida si kuepuka kufungiwa tu: zile herufi na namba za kubahatisha zinazotolewa na huduma za kufupisha mara nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na anayenakili kutoka kwenye bango hawezi kujua kama ile ni O au sifuri.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, mpe mtu mwingine aiandike linki kwa mkono kwenye simu yake. Weka pia jedwali lenye linki fupi, inakokwenda na mahali ilipochapishwa. Siku utakayohamisha ukurasa, anza na jedwali hilo.