Jinsi ya kupiga maswali ya vitu vinavyobingirika

Wanafunzi wengi wa fizikia nawaona wanakosea palepale kila mara, swali linasema kitu kinabingirika kwenye mteremko, wao wanaandika mgh = ½mv², yaani nishati ya kimo yote imegeuka nishati ya kusonga mbele (m ni masi, g mvutano wa dunia, h kimo, v kasi), alafu wanakimbilia kalkuleta. Hapo umesahau kuwa hicho kitu kinasonga mbele na wakati huohuo kinazunguka, na kuzunguka nako kunakula nishati.

Kabla ya fomula jaribu nyumbani. Chukua ubao wa mita 1, upande mmoja inua kwa vitabu mpaka sentimita 20, panga gololi, betri kubwa ya redio na bangili nyembamba nyuma ya rula, alafu toa rula ghafla, usivisukume. Gololi ikifika chini betri iko nyuma karibu sentimita 7 tu, bangili imeachwa kama sentimita 30 hivi. Tafuta bangili nzito zaidi, bado itakuwa ya mwisho! Mimi hapa ndio napapenda kuliko topiki yote.

Sasa karatasi. Andika mgh = ½mv² + ½Iω², ile ½Iω² ndio nishati ya kuzunguka, ω ni kasi ya kuzunguka. Hiyo I inaonyesha kitu ni kigumu kiasi gani kuzungushwa, na inategemea masi imekaa mbali kiasi gani na katikati, bangili yote iko pembeni kwa hiyo ni mr² (r ni nusu kipenyo), betri ½mr², gololi ⅖mr². Kama hakitelezi basi v = ωr, kwenye ω weka v/r, utaona r inakatika na m inakatika, ndio maana uzito haukusaidia kitu pale ubaoni. Bangili inabaki v² = gh, betri v² = 4gh/3, gololi v² = 10gh/7. Kwa g ya 9.8 na h ya mita 0.2 unapata 1.40, 1.62 na 1.67 m/s.

Na msuguano je, si unapoteza nishati? Hapana, kitu kikibingirika bila kuteleza ile nukta inayogusa ubao kwa wakati huo imetulia, kwa hiyo hakuna kinachopotea, msuguano unakizungusha tu. Kikianza kuteleza hapo joto linatokea na hesabu hii usiitumie.

Ukimaliza kagua jibu: kitu kinachoteleza bila msuguano wowote kingefika na 1.98 m/s, sasa kama gololi yako imefika hapo rudi uangalie ½Iω² uliiacha wapi.